Mchanga unameza baiskeli yangu: ninunue matairi mapana kiasi gani?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naishi upande wa Madimba. Natembelea kaya kwa baiskeli ya giya ya inchi 26, matairi yake upana wa inchi 1.95. Njia yangu ni kama kilomita 9, na karibu kilomita 3 ni mchanga mtupu, mwingine kwenye mikorosho na mwingine ufukweni. Pale nashuka nakokota. Nina kilo 62, na begi la kazi kilo 8. Kuna mtu Dar anauza baiskeli iliyotumika yenye matairi manene ya inchi 4, anataka laki nne na nusu. Shemeji yangu anasema ile ni nzito kama pikipiki, nitajuta, bora nifunge tairi la inchi 3 kwenye baiskeli niliyonayo. Upana gani unatosha? Nitapataje kitu kipana kisicho kizito? Na tyubu zake zitapatikana huku Mtwara?"

Marahaba mwanangu. Njia za upande huo nazijua. Ukishaacha barabara kubwa ukaingia kwenye mikorosho, mchanga ni mweupe kama unga wa muhogo, na ikifika mwezi wa nane mguu unazama hadi kifundo. Kukokota kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, begi mgongoni, na mama wa watu anakusubiri kabla jua halijawa kali, hiyo ni kazi juu ya kazi. Naona una hofu mbili. Ukibaki na ulichonacho utakokota hadi uchoke na kazi yenyewe. Ukinunua kipana, unaogopa utakuwa umenunua mzigo mwingine wa kukokota. Shemeji yako amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ingekula hela yako bure.

Tuanze na upepo, maana hapo ndipo wengi wanapotea, hata mafundi wenzangu. Watu wanadhani upana wa tairi ndio unaoelea juu ya mchanga. Mchanga hauoni upana. Unaona uzito uliowekwa juu ya kila sentimita. Na tairi la baiskeli lina tabia moja: hujibana chini mpaka sehemu inayogusa ardhi itoshe kubeba uzito kwa upepo uliomo ndani. Upepo ukiwa mwingi, sehemu hiyo ni ndogo. Upepo ukiwa kidogo, tairi linatandaza tumbo lake na sehemu inakuwa kubwa.

Piga hesabu pamoja nami. Wewe kilo 62, begi 8, baiskeli tuseme 16, jumla 86. Kijana wa pampu akikujazia paundi 45, yaani ile namba ya PSI iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, hizo ni kama kilo 3.2 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 86 kwa 3.2: matairi yote mawili kwa pamoja yanagusa chini sentimita za mraba 27 hivi. Chukua kisanduku cha kiberiti ukitazame. Umekalia uso wa kiberiti kimoja na nusu, halafu unashangaa unazama! Tairi la inchi 4 lenye paundi 8, kwa uzito wako na baiskeli yake, linakupa karibu sentimita 155, kama viganja vyako viwili ukivilaza chini. Ni makadirio, kwa sababu ubavu wa tairi nao una ugumu wake, lakini hayako mbali na ukweli.

Gurudumu likishazama, kinachokuchosha si kule kuzama kwenyewe. Ni kile kilima kidogo cha mchanga kinachojikusanya mbele ya tairi. Kila ukikanyaga pedeli unakipanda, nacho kinasogea nawe. Tazama alama uliyoacha nyuma: ukiona mtaro wenye kingo mbili, jua umekuwa ukilima. Ukiona alama pana, kina chake hakifiki unene wa kidole, hapo unaendesha.

Hili nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma nilifungia mteja baiskeli ya matairi manene, nikasema niijaribu mwenyewe Msimbati kabla sijampa. Njiani nilipita kujaza upepo mahali wanapojazia bodaboda, na kijana, kwa ukarimu wake, akaweka paundi 30. Nilipofika kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji, ile baiskeli ya kifahari ikazama kama Phoenix ya kubebea mkaa. Watoto waliokuwa wanachambua dagaa wakaacha kazi kunitazama. Nikakaa chini, nikachukua kijiti, nikabonyeza mdomo wa tyubu. Ikalia fsss muda mrefu, nikahesabu mpaka arobaini, nikageukia la mbele nalo nikalifanyia vivyo hivyo. Nilipopanda tena, tairi lilijilaza, baiskeli ikaenda. Taratibu, lakini ikaenda. Tairi lilikuwa lilelile, mchanga uleule. Madereva wa magari makubwa wanaokwenda Msimbati wanaijua siku zote, wanatoa upepo kwanza ndipo wanaingia mchangani.

Sasa utauliza, basi upana ni wa nini? Upana unakupa ruhusa ya kupunguza upepo. Tairi jembamba likiwa na upepo kidogo, ukigonga mzizi wa mkorosho ringi inashuka mpaka chini na kuibana tyubu. Unapata pancha ya matundu mawili yanayotazamana, kama umeumwa na nyoka. Tairi nene lina kina, ringi iko mbali na ardhi. Kwa mtu wa uzito wako, 1.95 naweza kukushusha mpaka paundi 20 au 22 bila hofu kubwa. Tairi la 2.35 linashuka mpaka 15 au 17. La inchi 3, kama 12. La inchi 4 linacheza kati ya 6 na 9.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, nakupa kazi. Kesho asubuhi teremsha matairi yako mpaka paundi 20, uingie kwenye mchanga wako. Sehemu inayogusa chini itapanda kutoka 27 hadi kama 60, zaidi ya mara mbili, na hujanunua kitu. Pima ni hatua ngapi za kukokota zimepungua. Nimewaona watu waliokuja kwangu kuuliza baiskeli mpya wakaondoka na kipimo cha upepo tu. Na hicho kipimo, angalia kianzie chini. Vile vya pikipiki na magari chini ya paundi 15 vinabahatisha. Usipokipata, tumia jicho: mtu akikushikilia huku umekaa, tairi la nyuma la inchi 4 lishuke kama upana wa kidole gumba. Lisiposhuka, toa upepo kidogo.

Uzito, ambao ndio unaomkera shemeji. Nzito kama pikipiki ni maneno ya barazani, bodaboda inapita kilo 100. Baiskeli za matairi manene za bei ya chini, za chuma, huwa kati ya kilo 17 na 20. Hiyo ni sawa na Phoenix ya inchi 28 ambayo bibi zetu wa Mikindani wamepandishwa kwenye keria miaka yote. Zenye fremu ya alumini hushuka hadi 14 au 15. Uzito uliojificha uko kwenye matairi. Tairi la inchi 4 la bei nafuu, lenye waya kwenye ukingo, hukaribia kilo moja na nusu au hata kupita, na tyubu yake karibu nusu kilo. Zidisha mara mbili. Lile linalokunjika kama nguo, lenye nyuzi laini, linakwenda kilo moja na robo hivi. Utausikia uzito huo kila unapoondoka baada ya kusimama, na wewe unasimama kila mlango. Kwenye mwendo ulionyooka hutausikia sana.

Mjadala huu wa upana na wepesi hatukuuanzisha sisi wa pwani. Baiskeli hizi zilikulia kwenye theluji ya Alaska, ambako mbio za baiskeli kwenye njia za theluji zilianza mwaka 1987, na kwenye jangwa la New Mexico kwa ajili ya mchanga. Madukani ziliingia kwa kishindo mwaka 2005 na baiskeli iitwayo Pugsley, ya kampuni ya Surly, yenye tairi la inchi 3.7. Hata wale wanaopanda milima ya theluji kwa miguu yao ili wateremke kwa skii, yale mabao marefu ya kutelezea yanayofungwa kwenye viatu, wana kesi kama yako: theluji laini inataka skii pana, milimita 100 na zaidi chini ya kiatu, lakini wakati wa kupanda kila gramu inainuliwa kwa paja. Wengi wanaishia katikati, skii pana kiasi na nyepesi kiasi, kwa sababu siku ya kwenda mlimani sehemu kubwa ni kupanda. Nawe jiulize hivyohivyo: katika kilomita 9, mchanga ni 3. Hizo 6 zilizobaki ni ardhi ngumu, na pale tairi la inchi 4 lenye upepo kidogo linakula nguvu na kulia vuuu kama nyuki.

Wepesi nao una bei yake huku kwetu, na bei hiyo inaitwa mbigili. Ubavuni mwa tairi huandikwa idadi ya nyuzi kwa inchi: 27 au 30, 60, 120. Nyuzi nyingi maana yake ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na laini, linajilaza vizuri mchangani. Pia linatobolewa na kila kitu. Kwa njia za mashambani mwetu mimi sishauri 120 hata ukipewa bure, labda uwe na dawa ya kuziba pancha ndani ya tyubu. 60 inatosha. Wepesi unaokulaza porini na dawa ya mtu kwenye begi si wepesi.

Na meno? Achana nayo. Wauzaji wanasifia meno makubwa kama ya trekta. Yana maana kwenye tope. Kwenye mchanga mkavu meno marefu yanachimba, wakati wewe unataka kitu kinachopita juu. Chagua meno mafupi yaliyokaribiana.

Tuje kwenye ushauri wa shemeji wa kufunga inchi 3 kwenye baiskeli yako. Hapa ndipo atakupoteza. Baiskeli nyingi za giya za inchi 26 zinazouzwa huku zina nafasi ya tairi la 2.1, zikizidi sana 2.35. Pima mwenyewe: weka rula kati ya miguu miwili ya fremu inayopita kando ya gurudumu la nyuma, pale tairi lilipo nene zaidi. Toa milimita 12, yaani 6 kila upande kwa ajili ya matope na gurudumu kuyumba. Kinachobaki ndio upana wa juu kabisa. Inchi 3 ni milimita 76, na sitarajii upate nafasi hiyo. Pima na foku ya mbele, mara nyingi ina nafasi zaidi. Hata likiingia kwa kulazimisha, litasugua fremu siku ya kwanza utakapobeba mzigo, na ringi nyembamba chini ya tairi nene sana huliacha lilale upande kwenye kona.

Kitu kingine usikosee: "inchi 26" ni jina la zaidi ya gurudumu moja. Soma namba ndogo ubavuni, kama 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli yako ya giya bila shaka ni 559. Ile 26 ya kizamani ya inchi 1 na 3/8 ni 590, na ya Phoenix ya inchi 28 kwa 1 na 1/2 ni 635. Haviingiliani hata ukipaka sabuni. Namwona mtu kila msimu wa korosho anarudi kutoka mnadani na tairi jipya lisilomfaa kwa sababu hakusoma namba hiyo.

Kuhusu ile ya Dar, siwezi kusema ni mbaya. Kwenye mchanga wako itashinda chochote nitakachokufungia. Ila ujue unachukua ndoa ya aina gani. Habu yake ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu zinapofungwa spoku, ni pana, milimita 170 au 190 badala ya 135 ya kawaida. Ekseli ya pedeli inapita kwenye bomba la milimita 100 badala ya 68 au 73. Kwa hiyo vitu hivyo vikifa, dukani Mtwara mjini hutavikuta kirahisi, utaagiza Dar na kusubiri basi. Cheni, pedeli, breki na vishikio ni vya kawaida, hapo usihofu. Tyubu ya inchi 4 usiitegemee madukani, kwa hiyo kama unanunua, mwambie muuzaji akupe mbili za akiba humohumo kwenye bei. Tyubu ya kawaida ya 26 iliyo pana kidogo inaweza kuvutika ndani ya tairi nene ikakufikisha nyumbani, lakini inakuwa nyembamba kama puto. Ni ya dharura tu.

Kuna na suala la goti. Kwa sababu bomba la pedeli ni pana, miguu inakaa mbalimbali zaidi. Wengine hawahisi kitu, wengine wanapata maumivu upande wa ndani wa goti baada ya wiki mbili. Usiinunue bila kuipanda angalau saa moja, na ikiwa huwezi kwenda Dar mwenyewe, basi mtume mtu anayekaribia kimo chako, si shemeji.

Mimi ningefanyaje nikiwa wewe? Ningeanza na upepo wiki hii. Kisha ningepima fremu, na ikikubali, ningefunga 2.35 zenye meno mafupi na nyuzi 60 kwenye baiskeli niliyonayo, nikaziendesha paundi 16. Hapo utagusa chini sentimita kama 76, karibu mara tatu ya sasa, na uzito ulioongeza haufiki kilo. Nakadiria hutakokota tena zaidi ya kilomita moja, ile ya mchanga mkavu kabisa. Ningeishi nayo msimu mmoja wa kiangazi. Ikiwa bado unashuka kila siku, au wakikuongezea kaya za upande wa ufukweni, hapo laki nne na nusu inaanza kuwa na maana. Mvua zikianza kunyesha, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, mchanga wa mikorosho unashikana kwa unyevu na tatizo lako linapungua lenyewe, kwa hiyo usinunue kwa hasira za mwezi wa tisa ukajutia mwezi wa pili.

Ufukweni, wakati ni bora kuliko tairi. Maji yakishakupwa, kuna ukanda ambao bahari imeuacha karibuni, una rangi ya kahawia na ukikanyaga hauachi shimo. Maji kidogo kati ya chembe za mchanga ndiyo yanayozishika. Juu yake ni mkavu, hauna gundi. Chini yake umelowa mno, unayeyuka. Pita hapohapo. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukanda unakuwa mpana lakini maji yakirudi hayakungoji, basi ulizia wavuvi saa ya kurudi. Ukifika nyumbani, kikombe cha maji baridi juu ya cheni, kitambaa, tone la oili. Usimwage maji kwa nguvu kwenye habu, chumvi itaingia kwenye beringi na utakuja kwangu ukilia.

Mambo mengine hayaelezeki kwa barua. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, pale bomba za fremu zilipochomelewa, usipande, peleka kwa fundi. Hali kadhalika gurudumu likiyumba hadi kugusa breki, au ukingo wa tairi ukitoka kwenye ringi unapopunguza upepo. Na goti likiuma usiku, au likavimba, achana na mafundi wa baiskeli wote, nenda kituo cha afya. Wewe mwenyewe ungemwambia hivyo mteja wako.

Ukishapima nafasi ya fremu, niletee namba mbili: ya mguu wa nyuma na ya foku, kwa milimita. Na ikiwezekana piga picha ya alama ya tairi lako mchangani, moja ikiwa na paundi 45 na nyingine na 20.